Kofia ya Chuma ya Nini?
Ulaya wapo watu wazima wanaocheza vita vya kale kwa masharti: kofia ya chuma, glovu nene, upanga butu, mshale wenye ncha ya mpira na mwamuzi pembeni. Uoga mtupu! Waje Maganzo, Shinyanga, jirani na almasi za Mwadui, wafundwe. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini walioibuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kutambuliwa kisheria mwaka 1989, huitikia mwano, yowe la hatari, usiku wakiwa na upinde, rungu, filimbi na kandambili. Kinga ya kichwa ni kofia ya sufu. Ya kifua, koti la mtumba. Jambazi akija na bunduki, mwamuzi ni Mungu. Na asiyetokea hutozwa faini, kwa kosa la kubaki salama nyumbani.