Sifa za Kukata Tamaa Mapema

Tumaini limesifiwa hadi limechakaa. Wahubiri wanalo, khanga zinalo, wanasiasa wakikaribia uchaguzi hulibandika kwenye kila nguzo. Kukata tamaa hakuna aliyekutungia hata ubeti. Basi leo nakusifu mimi, na hasa nasifu kule kukata tamaa kwa mshabiki wa besiboli mara tu timu yake ikipoteza mchezo wa kwanza wa mchujo: mikono kichwani, "tumekwisha sisi", kisha blanketi hadi kidevuni.

Usiniulize Budondo, kwetu huku Busoga nchini Uganda, na besiboli vimekutania wapi. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walifuzu kwenda Marekani kwenye mashindano ya dunia ya Little League, wakanyimwa viza. Mwaka uliofuata wakafika watoto wa Lugazi, mji uliopo kwenye barabara hii hii yetu ukishavuka Nile kuelekea Kampala, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano hayo huko Williamsport. Mchezo wa kwanza walifungwa na Panama. Kombe likawaponyoka. Hapo ndipo walipowachapa wenzao wa Oregon 3-2! Watu wa tumaini huisimulia habari hiyo kama yao, lakini angalia mpangilio wake: ushindi ulikuja baada ya tumaini kufungasha virago.

Kisha mwaka 2022 vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, wakasaini na Dodgers wa Los Angeles. Tangu hapo Dodgers ni timu ya nyumbani, kama Arsenal ilivyo ya nyumbani kwa waendesha bodaboda wa Jinja, watu ambao mafunzo ya kukata tamaa wameyapata kwa miaka mingi na bila ada.

Wanaosema tabia hii ni ujinga hawajapiga hesabu. Tangu 2022 raundi ya kwanza ya mchujo wa Marekani ni ya michezo mitatu, na anayetangulia kushinda miwili anapita. Kati ya 2022 na 2024 yalichezwa mapambano 12 ya namna hiyo. Aliyeshinda mchezo wa kwanza alipita katika yote 12. Mimi, bila kompyuta, bila suti ya mchambuzi, nililala nikiwa sahihi kila mara. Mwaka 2025 ndipo Yankees walipoleta utovu wa nidhamu: wakafungwa na Boston 3-1 tarehe 30 Septemba, kisha badala ya kwenda nyumbani kwa adabu, wakashinda 4-3 na 4-0. Haya, 15 kati ya 16. Nionyeshe mganga mmoja Busoga nzima mwenye rekodi hiyo, na kuku wake ni bei gani.

Lakini faida kubwa ni usingizi. Mchezo unaoanza saa mbili usiku New York, hapa kwetu ni saa tisa ya usiku. Jirani yangu ni mwalimu, na ni mtu wa tumaini. Huegemeza simu kwenye kopo la sukari, anipe sikio moja la earphone, lingine abaki nalo, tukae vichwa vimegusana kama wanaonong'onezana deni. Picha inaganda mrushaji akiwa na mguu mmoja hewani. Inabaki hapo. Mwalimu haondoi macho, kana kwamba akipepesa mguu utashuka vibaya.

"Mwalimu, hii imeisha. Nenda ukalale."

"Mzee, bado wana watu watatu wa kupiga."

Watatu! Kwa ajili ya hao watatu atanunua data nyingine, na asubuhi ataandika tarehe ya jana ubaoni. Umeme ukikatika ndiyo taabu zaidi, maana mwenye tumaini huanza kutukana giza. Sisi ambao maporomoko ya Bujagali yalifunikwa na maji ya bwawa, na megawati 250 za bwawa hilo zikawa zinasafiri kwenda mbali juu ya mihogo yetu, tunapaswa kuwa tumeshazoea. Aliyekata tamaa giza humkuta tayari amelala.

Fainali ya 2025 ndiyo iliyonithibitishia. Mchezo wa kwanza Toronto walizoa pointi 9 katika awamu moja tu, ile ya sita, wakawafunga Dodgers 11-4. Nikatangaza msiba papo hapo. Mchezo wa tatu, Toronto walipoongoza 5-4 awamu ya saba, nikamrudishia mwalimu earphone yake nikaenda zangu. Nikalala usingizi wa haki. Nikaamka, nikapalilia mahindi, nikanywa chai na chapati, nikapita kwake kumpa pole. Nikamkuta palepale, macho mekundu kama pilipili, shati la shule kalivaa kwa juu na chini bado kaptula ya kulalia. Ohtani wa Dodgers alikuwa amesawazisha zamani. Mchezo ulikuwa bado unaendelea! Nikaketi, na muda si muda, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, Freddie Freeman, naye wa Dodgers, akaupiga mpira ukavuka uzio katika awamu ya 18, 6-5. Tulishangilia sawasawa, mimi nikiwa nimeoga.

Mchezo wa saba niliukatia tamaa awamu ya tatu, Toronto walipotangulia. Dodgers wakachukua ubingwa 5-4 katika awamu ya 11, na habari nikaipata Jumapili njiani kwenda kanisani, mwalimu akiwa amelala usingizi wa pono hata kengele hakuisikia. Msimu mpya sitangoja mchujo. Nitakata tamaa Machi, wakiwa bado wanapasha misuli moto, nipate na muda wa kupanda maharage.