Jinsi ya Kula Krismasi Busia Bila Kuamini Chochote

Kwanza, fulana iache Nairobi. Najua umeichapisha kwa pesa zako, maandishi makubwa kifuani kwamba Mungu hayupo, na mpakani hakuna atakayekusumbua: kwenye kituo cha pamoja kilichozinduliwa 2018, afisa anataka kitambulisho, imani yako haimhusu. Tatizo ni shangazi. Hatagombana nawe. Ataifua, ataianika, na kesho yake utaikuta ikiepulia sufuria.

Ukibanwa, usikimbilie takwimu. Ni kweli sensa ya 2019 ilihesabu watu 755,750 Kenya wasio na dini; utaulizwa mbona hata mmoja hajaja kukusaidia kuchinja. Katiba nayo ibaki begini. Ibara ya 8 ya Kenya inasema hakuna dini ya taifa, ya 7 ya Uganda hivyo hivyo, lakini wimbo wa taifa upande huu unaanza kwa kumwita Mungu, na kaulimbiu ya upande ule inamtaja Yeye kwanza, nchi baadaye. Wala usisimulie jinsi chama cha Atheists in Kenya kilivyosajiliwa Februari 2016 na usajili ukasimamishwa mwaka huohuo. Mjomba atataka kujua kama kilikuwa kinakopesha.

Saa ya ibada, jitolee kubaki na nyama. Mlinda sufuria haulizwi dini.

Alasiri vuka, panda gari la Tororo, kwa wakwe Wateso. Chungu cha ajono, pombe ya wimbi, kiko katikati, maji ya moto yanaongezwa, mirija mirefu imeelekea kila kiti. Katekista kushoto, wewe kulia. Hapa ndipo penye amri za kushika: mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto, wala haupulizwi hadi chungu kikatoa mapovu. Ukikosea hayo ndipo utaitwa mpagani.

Kisha wataamua msomi aombee chakula. Usikatae, kuku anapoa. Fumba macho. Mshukuru aliyepika, aliyepalilia wimbi, mvua iliyowahi, na kuku mwenyewe, maana hakuulizwa. Halafu nyamaza, "Amina" wataitia wenyewe.

Mimi nilifanya hivyo mwaka jana. Mama mkwe alijifuta machozi kwa pembe ya leso, akamnong'oneza jirani kwamba mkwe ameokoka. Pasaka nimepangiwa mahubiri.