Haitauma, Mwanangu

Mtu wa Mwakiro akikuona unampeleka mtoto kwa daktari wa meno, swali lake la kwanza ni: "Lipi linamuuma?" Ukijibu kwamba hakuna, anakutazama kama mtu anayekwenda kuzika na marehemu hajafa.

Huku kwetu daktari wa meno ni wa shavu lililovimba. Kwanza unatafuna karafuu, unasukutua maji ya chumvi, jirani anakuletea majani ambayo jina lake analijua yeye tu. Usingizi ukishakukimbia kabisa, ndipo unakumbuka kuwa Muyinga mjini kuna hospitali. Sasa wataalamu wa meno ya watoto wanasema mtoto akaguliwe jino la kwanza likishatoka, kabla hajapita mwaka mmoja. Jaribu kulisema hilo sokoni uone.

Wangu ana miaka mitano. Muuguzi wa kituo cha afya alitupa, mimi na mama yake, maelekezo mepesi: mwambieni tu kwamba daktari atahesabu meno. Chezeni nyumbani mchezo wa kuhesabu, kwa kijiko na kioo. Mpelekeni asubuhi, akiwa amelala vizuri na amekula. Na maneno kama "sindano", "kung'oa" na "haiumi" yasisikike. Rahisi. Ingekuwa rahisi kama mtoto angekuwa wa watu wawili.

Alianza jirani. Alipita uani, akamshika binti kidevu, akasema kwa huruma zote: "Usiogope, mwanangu, haitauma." Mtoto, ambaye hadi dakika ile alikuwa anakula ndizi yake kwa amani, akaiweka chini. "Nini haitauma?"

Na jirani huyohuyo ndiye akimkuta analia humwambia: "Nyamaza, au nikupeleke kwa daktari akudunge!" Miaka yote daktari ni zimwi la kunyamazishia watoto, halafu siku moja mtoto huyohuyo anatakiwa amwachamie zimwi mdomo.

Jioni akaja mjomba wake, mwendesha teksi-velo, mtu mwenye moyo mzuri na mkoba wa vyuma. Akatoa koleo lake, lina grisi mpaka kwenye mpini, akalifungua na kulifunga mbele ya pua ya mtoto: kra, kra. "La daktari ni kama hili hili, mpwa wangu, ila lake linang'aa." Alidhani anamtoa hofu.

Bibi naye hakutaka kupitwa. Wao zamani walifunga uzi mlangoni, mlango ukapigwa teke, jino likarushwa juu ya paa, kwisha. Kutoka hapo akaingia kwenye habari za watoto wachanga waliokuwa wakiharisha na kuchemka homa, wakapelekwa kwa mzee mwenye spoki ya baiskeli awachokonoe ufizi, atoe "meno mabaya". Hapo sikucheka. Yale ambayo Tanzania wanayaita meno ya plastiki ni vichipukizi vya meno ya utotoni, hasa ya chonge, bado vimejificha ndani ya ufizi. Havileti kuhara wala homa. Mtoto aliyechokonolewa huvuja damu, hupata vidonda, na pengine jino la chonge la ukubwani huota limepinda au lisiote kabisa. Nilimwomba mama mkwe, kwa heshima zote, tuongelee maharage.

Mafuta yalikuwa yameadimika na nauli ya pikipiki imepanda kuliko vilima vyenyewe, kwa hiyo tulikwenda kwa baiskeli ya mjomba. Bila koleo, mkoba niliukagua mwenyewe. Kwenye benchi la hospitali tulikaa karibu na mzee aliyefungwa shavu kwa kitenge, anaguna. Binti akamkazia macho. Nikasubiri kilio. Akamuuliza, "Babu, wewe yako mangapi?" Mzee akanyamaza kuguna, akaanza kuyahesabu kwa ulimi.

Ndani, daktari alimpa kioo kidogo chenye mpini ajitazame, kisha wakahesabu pamoja hadi 20, idadi kamili ya meno ya utotoni. Nyuma kabisa ufizi wa chini ulikuwa umeinuka: gego la kwanza la ukubwani liko njiani. Hilo huota karibu na miaka 6, nyuma ya mengine yote, bila kusubiri jino lolote ling'oke. Wazazi wengi hudhani nalo litadondoka tu, wakaliacha lioze, na halina mbadala. Dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya njegere, asubuhi na kabla ya kulala. Mswaki aushike mzazi, maana mkono wa umri ule husugua zaidi shati.

Tukarudi bila chozi. Jirani akauliza yameng'olewa mangapi. Nilipomwambia hakuna, aliisikitikia nauli yangu.

Mzigo wenyewe umeanza sasa. Kijiko cha chai hakirudi jikoni. Kila anayeingia lazima aachame ahesabiwe. Bibi ana 11. Mjomba amekutwa na mashimo na hataki yazungumzwe. Juzi ikawa zamu ya mbuzi. Binti alimbana pembeni ya ukuta, akamchungulia, akaja mbio: meno ya mbele ya juu hana hata moja! Nilimweleza kwamba mbuzi wote wameumbwa hivyo, juu mbele wana ufizi mgumu tu. Hakuniamini. Kila asubuhi anauliza mbuzi anakwenda Muyinga lini, na mjomba wake ameshanitajia nauli: mbuzi ni mara mbili ya mtu, kwa sababu hawezi kushika kiti.