Mbawakawa Mwenye Shanga

Hongera, fundi wa picha za wadudu. Umempiga mbawakawa mmoja fremu 80, kila moja na ukali mahali pake, ukaikabidhi programu ya Zerene Stacker izishone ziwe picha moja. Mdudu katoka na kila unywele wa mguu, na mgongoni kavishwa shanga za mwanga ambazo Muumba hakumpa. Bila shaka tatizo ni lenzi. Siku zote ni lenzi, hasa ile ambayo hujainunua.

Kabla hujauza pikipiki ili uinunue, zitazame fremu moja moja. Doa la mwanga likikaa palepale kila fremu, hata uliyopiga lenzi ikiwa na kifuniko, hiyo ni pikseli mbovu ya kamera. Programu inapozipanga fremu, ikizikuza na kuzisogeza, doa hilo huburutwa likawa mstari. Na PMax, njia mojawapo ya programu hiyo ya kuziunganisha fremu, hupenda chochote chenye ukali. Kwake unywele halisi na doa linalowaka wote ni watoto halali. Lakini likiwa duara linalovimba kadiri fokasi inavyosogea mbali nalo, hiyo ni flashi yako inajitazama kwenye gamba linalong'aa.

Dawa? Karatasi nyeupe kati ya flashi na mdudu, ISO ishushwe, njia nyingine ya programu hiyo, DMap, itumike kwenye sehemu laini, kisha doa lililobaki lifutwe kwa brashi kutoka fremu safi. Karatasi yenyewe haifiki bei ya andazi. Ndiyo maana hakuna anayeiamini.