Jinsi ya Kuwa Bingwa wa Biri kwa Jioni Moja

Umealikwa Havana kwenye tamasha la biri, na mezani pako wameweka toleo jipya ambalo bado halijaingia sokoni. Kulia kwako yuko mzee aliyezivuta tangu ujana wake. Usitetereke, rafiki yangu. Nifuate, utaondoka watu wakikuomba kadi.

1. Usiwashe haraka. Iminye taratibu kwa vidole viwili, inuse, kisha uligeuzegeuze jani la nje chini ya taa. Jani hilo huitwa capa. Sema, "Capa imetulia." Hakuna atakayeuliza imetulia vipi.

2. Kata milimita mbili tu za kichwa. Ukizidisha, capa itafumuka na hapo sina la kukusaidia. Washa kwa gesi au kibanzi cha mwerezi; kiberiti cha petroli huacha harufu yake kwenye moshi.

3. Moshi usiumeze! Ujaze mdomoni, tulia, utoe. Pafu moja kwa dakika linatosha, maana biri ikipata joto huwa chungu. Mabingwa huupitisha moshi kidogo puani. Wewe fumba macho. Anayekutazama kutoka meza ya pili haoni tofauti.

4. Sasa ladha, na hapa ndipo ubingwa unapopatikana. Biri huonjwa kwa theluthi tatu. Ya kwanza taja mwerezi: masanduku yake ni ya mti huo, nani atakubishia? Ya pili, kakao. Ya tatu, pilipili manga, kwani ukali huongezeka kadiri biri inavyofupika. Mwache mzee aanze. Akisema, "Naonja ngozi," itikia, "Ngozi, mzee wangu, tena ya tandiko la farasi." Atakupenda.

Kariri pia majani matatu ya ndani: volado huisaidia kuwaka, seco huleta harufu nzuri, ligero huleta nguvu. Ligero hutoka juu ya mmea, kwenye jua kali, na kwa kuwa huungua polepole, msokotaji huliweka katikati. Akitokea mjuaji wa kukubana, muulize kama humo mna medio tiempo, yale majani machache ya kileleni ambayo si kila mmea huyatoa, yaliyoipa sifa Cohiba Behike mwaka 2010. Atabaki anaitazama biri yake.

5. Ukisikia harufu ya amonia, shukuru. Ni kawaida ya biri ambayo haijapumzika vya kutosha. Tamka, "Ilazwe miaka miwili." Hukumu hiyo haiwezi kukaguliwa leo.

6. Alama hutolewa kwa 100. Toa 91. Ukitoa 96 utatakiwa kueleza, ukitoa 84 mwenyeji hatakualika tena.

Majivu usiyakung'ute kila mara, yaache yarefuke. Ukimaliza, usikigandamize kipande kwenye kisahani. Kitanuka, na mzee atajua wewe ni mgeni. Kiweke tu, kitazima chenyewe. Halafu agiza ramu.