Nyongeza Hukaa Juu

Mteja wa nyanya akishalipa fungu lake, haondoki. Anasimama, anaitazama meza, kisha kwa sauti laini kuliko ile aliyobishania bei anauliza: “Mama, mbona hujaniwekea nyongeza?”

Mama anaguna. Analalamika kwamba mzigo umepanda na kwamba hata yeye hapati kitu, lakini mkono wake umeshafika pembeni ya meza, kwenye nyanya tatu nne alizozitenga tangu asubuhi. Hizo hazimo kwenye fungu lolote. Zimelainika, moja imepasuka ubavuni, na gharama yake ilishatiwa kwenye bei kabla mteja hajatoka kwake. Mteja anapokea moja na kuaga kama mtu aliyeshinda kesi.

Kasheshe ni kuifikisha nyumbani. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, mfuko mbadala kwa kawaida hununuliwa, hivyo aliyepewa nyanya ya bure anatoa hela ya kuibebea. Tena nyongeza huwekwa mwisho, kwa hiyo hukaa juu. Daladala ikifunga breki, fungu linabaki mfukoni na nyongeza inabingirika hadi kwenye kiatu cha abiria mwenye suruali nyeupe.

Watumishi wa umma nao wana nyongeza yao, ambayo huisubiri Mei Mosi wakiwa wamevaa fulana na kofia za sherehe. Mwaka 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliwaomba wavute subira. Mei 2022 ikatangazwa asilimia 23.3, na simu zikageuzwa vikokotoo: kila mmoja akauzidisha mshahara wake, wengine wakaanza kutazama bei za pikipiki. Julai ikafika. Kumbe asilimia ile ilikuwa ya kima cha chini, na waliokuwa juu ya hapo walipata pungufu. Hati za mshahara zilisomwa mara mbili, kisha zikageuzwa nyuma, labda kuna kitu kimeandikwa huko. Mwaka 2025 kima cha chini kilitangazwa kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Hiyo ni 130,000, na hata mama wa nyanya asingethubutu kuiita kidogo.

Nyongeza isiyochekesha ni ya shambani. Mnunuzi wa viazi au vitunguu hufika na gunia, hulijaza hadi mdomoni, halafu huliongezea kilemba juu na kukishona kwa kamba. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei imepatanwa kwa gunia, si kwa kilo, hivyo kilichomo kwenye kilemba hakilipiwi hata senti. Mteja wa sokoni huomba nyongeza na anaweza kunyimwa. Mnunuzi wa lumbesa haombi, anashindilia tu, na mkulima ndiye anayeshika gunia lisimwagike wakati wa kushona. Huo ni wizi, hata kama umezoeleka.

Sheria inakataza mazao kufungashwa kwa lumbesa, na gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Mkulima anayelazimishwa adai mizani kabla kamba haijapita kwenye sindano. Akikataliwa, malalamiko yapelekwe Wakala wa Vipimo.