Namna ya Kuifanya Kompyuta Ikununie

Mtu wa kawaida akitaka muziki upande sauti hubonyeza kitufe, ukapanda, akaendelea na shughuli zake. Wewe umeona hayo ni mambo ya wavivu. Umenunua bodi ya Arduino Nano, ile ya kuigiza inayouzwa kwa bei ya kutupa Kariakoo na Luthuli Avenue. Umenunua bredibodi, waya za rangi rangi, na potenshomita, ambayo mafundi redio huiita volyumu. Umepakua Pure Data, programu ya bure ya kutengeneza sauti. Unachotaka ni kimoja tu: ukizungusha volyumu pale mezani, mlio upande ndani ya kompyuta. Kwa anayejua, hiyo ni kazi ya saa moja. Ukiufuata mwongozo huu kwa uaminifu, Idi itakukuta bado unachokonoa waya.

Kwanza tuwaombe radhi waasisi. Arduino ilianzishwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwenye shule ya usanifu, ili wanafunzi ambao hawakusomea umeme nao waweze kuwasha taa na kuzungusha mota. Pure Data iliandikwa na Miller Puckette katika miaka ya 1990. Kabla ya hapo, miaka ya 1980, alikuwa ameanzisha programu ya Max akiwa kwenye kituo cha muziki cha IRCAM, Paris, ambayo mtunzi wa muziki aliweza kuitumia kuunganisha visanduku kwa mistari kwenye kioo badala ya kuandika msimbo. Watu hawa walihangaika miaka mingi kuondoa ugumu. Kuurudisha kunataka nidhamu.

Anza na kebo ya kuunganisha bodi na kompyuta. Ipite ile ya data, uchukue iliyokuja na tochi ya kuchaji. Baadhi ya kebo hizo zina waya mbili za umeme tu. Zile mbili za kupitisha data hazimo kabisa. Uzuri wake ni kwamba taa ya bodi itawaka vizuri, nawe utaapa kwamba kebo ni nzima. Badilisha bodi, badilisha kompyuta, mlaumu muuzaji. Kebo usiiguse. Siku ukiibadilisha kwa bahati mbaya, bado una kinga ya pili: bodi nyingi za kuigiza hutumia chipu ya CH340 kuongea na USB, na kuna kompyuta ambazo haziitambui mpaka uweke draiva yake. Usiiweke.

Sasa volyumu. Ina miguu mitatu. Ya pembeni miwili ingepaswa kwenda mmoja kwenye volti 5 na mwingine kwenye graundi, na wa kati kwenye pini A0. Wewe mguu wa kati uache uelee ndani ya tundu la bredibodi lililolegea. Pini isiyoshikwa na kitu hudaka mawimbi ya umeme wa nyumba, hivyo namba zitacheza zenyewe, na ukisogeza mkono zitacheza zaidi. Waite majirani uwaambie umetengeneza mtambo wa kuhisi binadamu. Wapo wasanii waliopata maonyesho kwa kidogo kuliko hicho. Anayependa moshi apeleke volti 5 kwenye mguu wa kati na graundi kwenye wa pembeni, kisha azungushe hadi mwisho wa upande huo: chanya na hasi zitakutana uso kwa uso, na volyumu itakuwa imefanya kazi yake ya mwisho.

Lakini waya ni utangulizi tu. Starehe yenyewe iko kwenye namba. Chipu ya Nano husoma volti na kuzigeuza kuwa namba kati ya 0 na 1023. Volyumu ikiwa katikati, inasoma kama 512. Ukiandika Serial.println kwenye msimbo wa bodi, bodi haitumi namba hiyo. Inatuma maandishi yake, herufi moja moja, pamoja na alama za kumaliza mstari. Kwa hiyo kisanduku cha comport ndani ya Pure Data kitakutemea 53, 49, 50, 13, 10. Hapo ndipo pa kuchukua namba hizo tano bila kuzitafsiri na kuzipeleka moja kwa moja kwenye nguvu ya mlio. Spika itakoroma hadi mbwa wa mtaa wajibu.

Kuna njia ya kitoto: gawa kwa 4, upate namba kati ya 0 na 255, itume kwa Serial.write kama baiti moja, kisha ndani ya Pure Data igawe kwa 255 upate kitu kati ya 0 na 1. Inafanya kazi mara ya kwanza, ndiyo maana siipendekezi.

Kasi ya mawasiliano nayo isilingane. Bodi ipe 9600, Pure Data ipe 57600. Pande zote mbili zitakuwa sahihi kabisa zikikaguliwa kila moja peke yake, na hii ndiyo siri ya fani nzima: shida haikai mezani wala haikai kwenye kioo, inakaa njiani, mahali ambapo hakuna anayeangalia. Ongeza delay(1000) kwenye msimbo, ili volyumu itii mara moja tu kwa sekunde na mlio upande kama mzee anayepanda ngazi.

Halafu acha wazi Serial Monitor, dirisha la Arduino la kuonyesha kinachotumwa na bodi. Kwenye Windows poti ya bodi haikubali programu mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo Pure Data itagonga mlango na kunyimwa. Ukichoka, geuza: iache Pure Data imeishika poti, ujaribu kupakia msimbo mpya. Hitilafu itakuja kwa maandishi mekundu. Usiyasome.

Pengine mtu atakushauri ununue bodi ya Leonardo, kwa kuwa chipu yake ina USB ya kwake na inaweza kujitambulisha kwa kompyuta kama kifaa cha muziki cha MIDI, ambapo ungegawa kwa 8 ubaki kati ya 0 na 127, kasi ya mawasiliano usiiwaze tena. Huyo si rafiki. Wala usipite kwenye maduka ya vyombo vya muziki: wanauza visanduku vyenye volyumu nane, unachomeka, sauti inapanda. Havikufai, vinafanya kazi.